Mdogo wangu anacheza kikapu, promota anataka awe bondia wa uzito wa juu. Naombeni ushauri

Binti wa Kongwa

Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, Nkuhungu. Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 20, namlea mimi tangu baba alipofariki akiwa darasa la tano. Ana urefu wa mita 2 na sentimita 1, kilo 97, mwili umekaza. Kikapu amecheza tangu kidato cha kwanza, na mwaka huu amepata nafasi ya chuo hapa hapa Dodoma.

Mwezi uliopita alianza kwenda gym kuongeza nguvu. Huko promota mmoja akamwona akipiga begi, na wiki hiyo hiyo akafika nyumbani na mkataba. Miaka 5, pambano la kwanza la kulipwa baada ya wiki 10, na chuo akisimamishe kwanza. Anasema uzito wa juu hauhitaji mtu aliyeanza utotoni, kwamba watu wenye miili na kasi wamejazana kwenye kikapu na mpira wa Kimarekani, na wangeingia ulingoni hawa mabondia tunaowajua wasingesikika. Akamtaja Deontay Wilder: alitamani kikapu na mpira wa Kimarekani, ngumi akazianza na miaka 20, urefu wake mita 2.01, na alipopigana na Tyson Fury mwaka 2018 alipima kilo 96 tu. Mdogo wangu aliposikia hivyo ni kama ametajwa yeye. Halali, anaangalia video mpaka saa nane usiku.

Mimi ngumi naziona kwenye luninga tu. Hoja hiyo ni ya kweli? Na huu mkataba nimkatalie au nimwache? Jibu linatakiwa Jumamosi. Mama yuko kijijini, amesema uamuzi ni wangu.

Makanyaga wa Majengo

Mkuu, mwache kijana apambane. Nchi hii watu wa kilo hizo ni wa kuhesabu. Mimi siku zote nasema Hasheem Thabeet angeshika glavu badala ya mpira leo tungekuwa na mkanda. Mita 2.21, nani angemfikia usoni? Ajira zenyewe mnaziona, hicho chuo kitampeleka wapi?

Kona ya Bluu

Dada (nadhani ni dada, kwa hilo jina), nimefundisha ngumi za ridhaa miaka mingi, kwa hiyo univumilie nikiandika kwa urefu.

Promota amekupa nusu ya habari. Ni kweli Wilder alianza na miaka 20, mwaka 2005. Nusu aliyoiacha ni kwamba alipitia ridhaa kwanza, akachukua shaba ya Olimpiki Beijing 2008, ndipo akaingia kulipwa. Mkanda wa dunia wa WBC aliupata Januari 2015. Hiyo ni karibu miaka 10, wewe unaambiwa wiki 10. Anthony Joshua naye alikuwa na mbio, akaanza ngumi na miaka 18, akachukua dhahabu London 2012, na ubingwa wa dunia ukaja 2016.

Kwa hiyo uzito wa juu unasamehe kuchelewa, hilo sibishi. Watu wakubwa ni wachache, na konde moja la mtu wa kilo 100 linaweza kufuta makosa ya raundi nane. Kijana wa kilo 57 akianza na miaka 20 anakutana na wenzake wenye mapambano mia na zaidi, wanamfundisha adabu.

Lakini kusamehewa na kutawala ni vitu viwili. Fury, aliyezaliwa kwenye familia ya ngumi, alitoka sare na Wilder mara ya kwanza kisha akamsimamisha mara mbili. Huyo Fury naye mwaka 2024 alipoteza mara mbili kwa Oleksandr Usyk, mtu wa mita 1.91 tu. Usyk alikuwa mwanasoka, ndiyo, ila aliingia ngumi na miaka 15 na akakaa kwenye ridhaa mpaka akapata dhahabu ya Olimpiki. Ed Jones wa Dallas Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani, mita 2.06, aliacha mpira mwaka 1979 akapigana mara 6 na kushinda zote. Mwaka uliofuata alirudi kwenye mpira wake, hakugusa wapinzani wa juu. Michael Grant alicheza michezo mitatu shuleni, akafika kwa bingwa Lennox Lewis mwaka 2000 akiwa ameshinda mapambano 31 bila kupoteza. Alikalishwa mara tatu raundi ya kwanza, ya pili ikamalizika. Francis Ngannou, aliyetoka kwenye mapigano ya mchanganyiko (MMA), alimwangusha Fury Oktoba 2023 ingawa alipoteza kwa pointi, dunia nzima ikapiga kelele kwamba ngumi ni rahisi. Miezi minne na siku kadhaa baadaye Joshua alimlaza Ngannou raundi ya pili.

Futi kamba inapima urefu wa mkono. Haipimi kama mtu ataliona konde likiwa bado begani, wala kama atapumua vizuri huku anapigwa mbavuni. Hayo yanakuja kwa kurudia maelfu ya mara, na mwili ukiwa bado mdogo yanaingia haraka.

Sasa tatizo letu sisi, ambalo linaniuma kuliko yote. Mdogo wako atafanya sparingi na nani? Mwakinyo alipompiga Sam Eggington kwao Uingereza mwaka 2018 ulikuwa uzito wa kilo 70. Shaba ya Changalawe Jumuiya ya Madola 2022 ilikuwa ya kilo 80. Gym zetu zimejaa vijana wa kilo 55 mpaka 75. Atapigana mazoezini na watu wanaoogopa uzito wake, na atakachojifunza ni kwamba ana nguvu, jambo analolijua tayari. Siku atakapowekewa mgeni wa kilo 115 aliyepigwa na kupiga miaka 15, wewe ndiye utakayekaa naye hospitali, promota atakuwa ameshahesabu viingilio.

Makanyaga, Thabeet alichaguliwa namba mbili NBA mwaka 2009 kwa sababu urefu ule kikapu unaulipa. Ulingoni mtu akiingia chini ya mikono ya mtu mrefu, mbavu zote ziko wazi. Mike Tyson alikuwa na mita 1.78 na hakuishi kwa kingine.

Nesi wa Zamu

Kabla ya mkataba wowote: kipimo cha kichwa, macho, moyo, na damu. Majibu ubaki nayo wewe. Na umuulize promota nani analipa matibabu akiumia. Akisema "tutaangalia", umeshajibiwa.

Kapu la Ipagala

Mimi ni mtu wa kikapu. Kuna kinachohamia na kuna kinachomuua. Ile kusogea kwa pembeni tukikaba, miguu bila kupishana, bondia anaihitaji kila sekunde, atakuwa ameshaijua. Ila sisi tunaishi tukitazama ringi juu, kidevu kimeinuka muda wote. Ulingoni hicho kidevu ni zawadi kwa mpinzani. Na kikapu unachoka unaomba kutoka, unakaa benchi unakunywa maji.

Sheria Mkononi

Pambano la kulipwa halali lina kibali cha kamisheni ya ngumi za kulipwa, na bondia ana leseni. Mwambie akuoneshe. Miaka 5 kwa kijana asiye na pambano hata moja ni mingi mno. Mpe wakili asome, hata kama mtalazimika kuuza debe mbili za alizeti.

Binti wa Kongwa

Asanteni sana, nimesoma yote, mengine mara mbili. Ndiyo, ni dada.

Alhamisi nilimpeleka kwa mwalimu mmoja mtu mzima wa ridhaa. Hakumsifia wala kumkatisha tamaa. Alimwambia apige begi raundi tatu za dakika tatu, asishushe mikono. Raundi ya kwanza begi lilikuwa linaruka, watu wakasimama kuangalia. Katikati ya raundi ya pili mikono ilikuwa kiunoni. Ya tatu hakuimaliza, akakaa sakafuni. Njiani kurudi hakusema kitu mpaka tulipofika Sabasaba, akaniambia, "Dada, na hapo hakuna aliyenirudishia."

Promota nimemjibu hapana. Akasema nafasi haitarudi. Chuo anaanza, kikapu anaendelea, na mwalimu atamfundisha asubuhi mara tatu kwa wiki. Sparingi mpaka baada ya miezi sita. Akitaka kushindana ataanza ridhaa, huko kilo zake ni kundi la juu kabisa. Nimemwahidi nauli ya treni ya Dar likizo ikifika, akatafute wa kilo zake kwenye timu za majeshi, kama Kona ya Bluu utatuelekeza pa kubisha hodi.

Swali langu la mwisho: viatu. Anavaa namba 49. Mwalimu amekataa raba za kikapu, anasema soli nene na mguu hauisikii sakafu. Majengo nimezunguka nimekosa.

Kona ya Bluu

Kwenye timu nitakuunganisha, niandikie pembeni. Viatu vya ulingo vya 49 hapa hutapata, usihangaike. Tafuta raba zozote za mtumba zenye soli nyembamba na bapa, mpelekee fundi aongeze ngozi kwenye kifundo. Wangu wawili walianza hivyo.

Makanyaga wa Majengo

Dada, Jumanne mzigo mpya unafunguliwa sokoni. Nitakuangalizia 49.