Hii 2147483647 ni namba tasa kweli?

DagaaMwaloni:
Wakuu, natunza orodha ya wateja wa mama mkubwa, anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Juzi nimewahamisha wateja wote kutoka kwenye daftari kuingia kwenye programu niliyoitengeneza mwenyewe. Leo kaniambia nimpigie wa Kahama, magunia yake yako tayari. Nafungua: 2147483647. Wa Shinyanga: 2147483647. Wa Geita hivyo hivyo! Wote niliowaandika kwa kuanzia na 255 wana namba moja.

Nikaanza kuigawanya. Kwa 3, baki 1. Kwa 7, baki 1. Kwa 11, baki 1 tena. Kwa 13, baki 10. Nimefika 97 haijakubali hata moja. Ni tasa? Na mtu anajuaje bila kugawanya hadi uzee?

Mwl_Nansio:
Mwanangu, ni tasa. Hiyo ni 2 kipeo cha 31, toa 1. Leonhard Euler aliithibitisha mwaka 1772, enzi hizo hakuna mashine.

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawe kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa hiyo ukifika 46,340 umemaliza. Bado ni safari ndefu. Ila ipo njia ya mkato, na mimi naipenda kuliko hesabu nyingi nilizofundisha: kwa kuwa 31 ni tasa, kigawe chochote tasa cha namba yako lazima kibaki 1 ukikigawanya kwa 62, yaani 31 mara mbili. Basi 3, 7, 13 na wenzao wote waache. Wa kwanza kujaribu ni 311, halafu 373, halafu 683.

Ione kwenye namba ndogo. 2 kipeo cha 11, toa 1, ni 2047. Wanafunzi wangu wakiona 11 ni tasa walisema haraka na 2047 ni tasa. Hapana, ni 23 mara 89. Sasa gawanya 23 kwa 22, kisha 89 kwa 22. Zote baki 1.

FundiPasiansi:
Utasa wake hauhusiki na tatizo lako. Safu ya simu umeiweka kama namba ya biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1: moja ni ya alama ya hasi, zinabaki 31, na kikomo chake ndiyo hiyo 2147483647. Namba ya tarakimu 12 haienei, ikabanwa kwenye kikomo. Badili safu iwe ya maandishi, simu hazijumlishwi. Zilizobanwa hazirudi, ziandike upya kutoka kwenye daftari.

DagaaMwaloni:
Shikamoo mwalimu. Asante sana fundi, daftari lipo, nimeshaandika upya nusu na wa Kahama nimempata.

311: baki 35. 373: baki 303. 683: baki 511. Mwalimu, baada ya 683 inafuata 1117, sivyo?

Mwl_Nansio:
Marahaba. Ndiyo, 1117. Endelea.