Karo ya chuo kikuu cha kibinafsi: ni msaada upi wa kutegemewa?

Mzazi, Nakuru
Hamjambo. Binti yangu aliyefanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka jana amepangiwa na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, kusomea ualimu chuo kikuu cha umma cha Maseno, lakini moyo wake uko kwenye uuguzi, na chuo kikuu kimoja cha kibinafsi kimemwita kwa kozi hiyo na kumwahidi punguzo la robo ya karo. Mimi huuza viazi katika soko la Wakulima. Je, HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, zinaweza kuziba robo tatu zinazobaki?

Mzazi, Kisumu
Mama, tenganisha kwanza cha kupewa na cha kukopeshwa. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, wanaojiunga na vyuo vikuu vya kibinafsi hawapati ufadhili wa serikali usiorudishwa. Wanaweza kuomba mkopo wa HELB tu, ambao una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na ambao binti yako ataanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, awe na kazi au asiwe nayo.

Kuhusu hiyo robo, uliza kama ni ya miaka yote minne. Mwanangu alipewa punguzo kama hilo, alama zake zikashuka kidogo mwaka wa pili, likaondolewa bila sisi kuarifiwa. Tuliligundua asubuhi ya mtihani, alipofika mlangoni akaambiwa hana kadi ya kuingilia kwa sababu ana deni.

Mwalimu, Kakamega
Nakubaliana na mwenzangu, ila asimkatishe tamaa mama kuhusu basari, yaani msaada wa karo usiorudishwa. CDF hutoa, na kaunti nayo ina fungu lake. Shida ni kwamba pesa ni kidogo na aghalabu hundi, ambayo huandikwa kwa jina la chuo, hufika muhula ukiwa umekwisha kuanza. Kwa hiyo jaza fomu mapema, ambatisha nakala ya barua ya kuitwa na ya viwango vya karo, uipeleke kwa chifu igongwe muhuri, halafu ihesabu kama nyongeza, kamwe isiwe nguzo. Ofisi ya fedha ya chuo ikikubali ulipe kidogo kidogo, idai kwa maandishi.

Lingine: KUCCPS huwa na kipindi cha kuomba uhamisho. Alama zake zikitosha, anaweza kuomba uuguzi katika chuo cha umma, na huko ufadhili wa serikali upo.

Mzazi, Nakuru
Asanteni sana. Nimepiga simu leo: robo ile ni ya mwaka wa kwanza pekee, na barua haikuwa imesema hivyo popote. Nimemwomba binti asilipe ada ya kuthibitisha nafasi mpaka tuone kama alama zake za Biolojia na Kemia zinaruhusu kuomba uhamisho.