Wazazi wa Kusini tunaoombea watoto shule, tupeane uzoefu

Mama Chapati (Mtwara mjini):
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na nyie majirani zetu waislamu mnaopita humu asalaam aleikum, nanyi mna watoto shuleni karibuni. Naona kila ikifika mwezi wa tisa wa la saba na mwezi wa kumi na moja wa form two na form four watu wanaandika "Mungu awatangulie watahiniwa" wanapita zao. Mi nataka tuambizane ukweli, wewe unayeombea shule ya mwanao unaombaje na ilikuwaje, iwe ulijibiwa au hukujibiwa. Naanza mwenyewe.

Nakaa Chuno, naamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na kabla sijakanda napiga goti sebuleni naombea wanangu. Kijana wangu wa pili alikuwa form two, hesabu anapata nane, kumi na moja, siku akipata kumi na tano anakuja anatabasamu. Basi mimi kila alfajiri ee Bwana mwangalie huyu mtoto, kichwa chake kizito, hashiki, mvivu, mfungue ufahamu. Miezi na miezi. Sasa nyumba yetu haina dari, ukuta umeishia njiani na bati liko kivyake huko juu, ukipiga chafya chumba hiki wa chumba cha pili anakwambia afya. Siku moja tunakula mihogo akaniambia taratibu bila kunitazama, "Mama, Mungu si ameshajua kuwa mi mzito? Mwambie na kingine."

Jamani lile tonge halikushuka. Mi nilijua naomba, kumbe mtoto amelala kule anasikia anashitakiwa na mshitaki ni mama yake mzazi. Nikamuuliza haya nimwambie nini? Akasema mwambie mwalimu wa hesabu asinichape mbele ya wasichana. Ndo kuchimbachimba nikakuta vipindi vya hesabu haingii kabisa, anateremka zake baharini anakaa na wavuvi mpaka muda wa mapumziko. Nikaenda shule, sikwenda kugombana, nilibeba na chapati, tukaongea na mwalimu vizuri tu. Toka hapo tunaomba wote wawili, anaanza yeye namalizia mimi, na hilo neno mzito nimelifuta. Matokeo yalipotoka hesabu ana D. D wapendwa! Mwenye mtoto wa A anicheke tu, mi siku hiyo niligawa chapati mtaa mzima. Haya endeleeni.

Mkulima wa Masasi:
Tumsifu Yesu Kristo. Dada hiyo ya dari imenigusa, na sisi tuko hivyohivyo. Yangu ni ya msimu wa korosho wa 2018, waliokuwepo wanakumbuka. Tulikataa bei za mnada, serikali ikatangaza itanunua yenyewe 3,300 kwa kilo, tukashangilia weee, ila hela kwa wengi wetu ikachelewa, na Januari 2019 binti yangu anatakiwa kuripoti form one, kapangiwa bweni. Msiniambie elimu bila malipo, ni kweli ada ilifutwa toka 2016 lakini ile fomu ya kujiunga ina godoro, shuka, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi na tranka, hivyo vyote havishuki kutoka mbinguni.

Jumuiya wakaja kwangu tukasali novena, siku tisa, nia ni moja tu, hela ya korosho itoke. Siku ya saba shemeji yangu wa Ndanda akashusha godoro kwenye bodaboda. Sio jipya, watoto wake watatu wote wamelikulia, katikati lina ramani ya mkojo unaweza kuonyesha Afrika nzima na Madagaska pembeni. Mke wangu akalianika siku mbili, akaligeuza, akalishonea kava la kitenge. Binti aliripoti amechelewa wiki mbili na godoro hilo, na amelilalia mpaka kamaliza form four. Niliomba hela nikaletewa godoro la kojo, sijawahi kulalamika.

Kalamu Kavu:
Hahaha Madagaska 😂 Mi sio mzazi ila niruhusuni. Mdogo wangu alipokuwa anasubiri mtihani wa form four kuna mtumishi alikuja mjini na kalamu za upako, moja elfu tano. Mama kanunua mbili. Ile kalamu ilikata wino kwenye karatasi ya Kiswahili, tena kwenye insha, ikabidi aombe nyingine kwa msimamizi. Mama mpaka leo anasema alinunua ile isiyoombewa vizuri. Kwahiyo na hilo mliongelee, msimu wa mitihani umekuwa msimu wa mavuno kwa baadhi ya watu.

Katekista Mstaafu:
Kijana umesema kweli lakini usichanganye mambo. Kuwaita watahiniwa mbele Jumapili kabla ya mtihani, kanisa zima linyooshe mikono, hilo tunafanya na hatutozi hata shilingi. Mi nilikuwa natangaza na kingine, mzazi ukishamleta mtoto kuombewa basi wiki hiyo usimtume kuni, usimtume maji, usimuweke gengeni mpaka saa nne usiku. Wazazi walikuwa wananuna! Mmoja aliniambia, "Katekista, sasa maji tutachota na nani?" Nikamwambia utachota wewe uliyesema amina.

Mama wa Nanyumbu:
Mimi ni muanglikana, nipo Umoja wa Akina Mama. Vita yangu haikuwa hesabu, ilikuwa unyago. Binti yupo la saba, likizo ya mwezi wa sita upande wa baba yake wakasema mwaka huu anaingia, na shughuli ikiisha kuna kukaa ndani, kuna kutoka, kuna kuchezwa, shule imefungua wiki mbili mwali bado yupo ndani na mtihani ni mwezi wa tisa. Sipingi mila, mi mwenyewe nimechezwa. Na huku kwetu kanisa halijaanza leo kuhangaika na mambo haya, wazee wanasimulia enzi za Askofu Lucas wa Masasi, miaka ya 1920 na 1930, kulikuwa na jando la kikristo kabisa linaloombewa. Nilichokuwa naomba ni tarehe tu isogee. Niliomba naogopa mawifi, nikamtuma kwanza mama mkubwa akaongee na somo wa binti, yule kungwi wake wa unyago. Kumbe somo mwenyewe ana mjukuu la saba! Wakasogeza mpaka Desemba. Mawifi walininunia hadi Krismasi lakini pilau walikula.

Mama wa Nachingwea:
Nimesoma zote nimecheka na nimelia. Mimi nilifunga siku 21, maji na uji wa jioni tu, kwa ajili ya form four ya kijana wangu. Matokeo yalipotoka, division zero, yaani kafeli. Naomba sana mtu asinijibu kuwa Mungu ana mpango wake, nimeambiwa na watu arobaini na kila mmoja akishasema anaenda kula kwake. Kilichoniuma sio zero, ni kwamba kijana alinificha siku tatu, alikuwa anaona aibu ya mfungo wangu kuliko ya matokeo. Alisema mama ulikonda bure.

Miezi minne sikuweza kupiga goti, kanisani nilikuwa naenda nakaa nyuma. Sasa hivi anasoma umeme chuo cha ufundi VETA Lindi, wala sisemi ndio jibu, labda ndilo labda silo. Ninachoomba siku hizi ni kifupi tu, asishike waya kabla hajazima meni swichi.

Mkulima wa Masasi:
Mama pole sana. Sina neno. Nitamtaja kijana wako Jumamosi kwenye jumuiya, na habari ya zero sitaitaja.

Mama wa Nachingwea:
Asante baba. Mtaje kwa jina la fundi.

Mama Chapati (Mtwara mjini):
Mama wa Nachingwea nimekutumia ujumbe pembeni, tuongee. Wengine endeleeni kuleta, mi nalala, saa kumi inakuja. Huyu kijana wangu kaniuliza toka chumbani kwake "mama unacheka na nani usiku huu, mara unalia?", nimemwambia lala we.