Tupeane uzoefu: shughuli iliyolaza wageni na jinsi chanzo kilivyotafutwa

Mwanzisha mada: Jana msibani nimeona sufuria za pilau zimefunikwa kwa magunia tangu saa nane mchana hadi usiku, nikakumbuka mengi. Aliyewahi kuhoji au kuhojiwa atusimulie.

Mkwe wa Muheza: Mimi nilihojiwa. Afisa aliponiuliza nilikula saa ngapi, nilikasirika nikidhani ananihesabia matonge.

Afisa Afya Mstaafu: Ndugu yangu, saa ndiyo shahidi wetu mkuu. Niliwahi kuitwa usiku kwenye harusi moja ya pwani, nikakuta wageni wamelala mikekani wakitapika, na mjomba wa bwana harusi amemkamata mpishi kwa tuhuma za kutia sumu. Sufuria zilikuwa zimekwisha kusuguliwa kwa mchanga hadi zikang'aa, kwa kuwa wenye shughuli waliona haya mgeni akute vyombo vichafu, na ushahidi ukaenda na maji. Nilibaki na daftari. Niliwahoji waliougua na, jambo lililowaudhi wengi, nikawahoji pia waliokuwa wazima ili nilinganishe walichokula, maana pilau ililiwa na wote na isingetuonyesha lolote. Waliougua walianza kutapika saa mbili hadi nne baada ya kula, bila homa, na karibu wote walikula kuku aliyekatwakatwa baada ya kuiva. Nikaomba kuona mikono ya waliomkata. Kijana mmoja alikuwa amefunga kitambaa kwenye kidole gumba, na chini yake palikuwa na jipu. Maabara ilikuta stafilokoka, bakteria wa majipu, kwenye usaha ule na kwenye paja la kuku ambalo bibi mmoja alikuwa amemfichia mjukuu ndani ya kanga.

Mbishi wa Mada: Shikamoo mzee, lakini kuku huwa anapashwa moto kabla ya kupakuliwa, na vijidudu hufa. Mimi bado namshuku mpishi.

Afisa Afya Mstaafu: Marahaba. Vijidudu hufa, lakini sumu waliyokwisha kuitoa haiharibiki kwa kupashwa. Sumu ilikuwapo; aliyeitia ndiye hakuwapo.

Mama Pacha: Kweli kabisa.

Mhamiaji wa Johannesburg: Nyinyi mlibahatika kuwa na saa. Listeria, bakteria wa kwenye chakula, iliyozuka Afrika Kusini mwaka 2017 inaweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla mtu hajaugua. Nani atakumbuka alichokula? Uchunguzi ulipata njia Januari 2018, watoto wa chekechea moja ya Soweto walipougua na ikabainika kwamba walikula poloni, ile soseji nene ya kukatwa vipande. Tarehe 4 Machi kiwanda kimoja cha Polokwane kikatajwa hadharani, na waliokufa walizidi 200.

Mkwe wa Muheza: Dawa ni maziwa.

Mama Pacha: Maziwa yapi tena? Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha hospitali.

Mbishi wa Mada: Kwetu anatangulia kula shemeji. Zikipita saa nne naye yu mzima, ndipo tunanawa.

Mwanzisha mada: Mzee, mjukuu alikula ile kuku ya kanga?

Afisa Afya Mstaafu: Hakula, niliwahi. Ila bibi alinidai paja lake mpaka nilipohamishwa wilaya.