Naomba ushauri: mahabusu mwenye TB, dozi isikatike (Mtwara)

Wakuu habari. Naomba msaada, hasa manesi wa kliniki za TB na mawakili wa Mtwara na Lindi.

Kijana wa Newala yuko mahabusu Mtwara mjini. Alikamatwa wiki ya sita ya dozi, kadi ya matibabu ikabaki nyumbani. Dozi ni miezi 6: miwili ya kwanza dawa nne ndani ya kidonge kimoja (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, ethambutoli), minne inayofuata zinabaki mbili za mwanzo. Akikatiza, vijidudu vinajenga usugu, na selo watu wanalala ubavu kwa ubavu. Hilo ndilo linaloumiza zaidi.

Tunafuatilia barua ya uhamisho kutoka kliniki ya Newala: tarehe ya kuanza, uzito, idadi ya vidonge kwa siku, majibu ya makohozi. Nakala moja kwa mganga wa gereza, nyingine kwa mratibu wa TB wa wilaya.

Siku alizokosa dawa zinafidiwa, au anaanza upya? Makohozi ya mwisho wa mwezi wa pili anayafuatilia nani? Na askari wa kumsindikiza hospitali wakikosekana, tuanze na barua kwa mkuu wa gereza, au tumwombe hakimu amri kesi inapotajwa?