Mtoto akishindwa kujizuia, bakora itamfaa?

Mama, Langoni, Lamu:
Assalaam aleikum. Juzi mwanangu wa miaka minane alikuwa mbio kichochoroni. Mwenye punda akapiga "simile!", yaani pisha njia, naye akaenda moja kwa moja mpaka kwenye shehena ya mawe. Nikamuuliza, hukusikia? "Nimesikia mama, miguu ishaenda." Shuleni wamuita mkaidi, chuoni, kwenye Kurani, ala bakora. Mimi naona haimsaidii. Mwasemaje?

Maalim wa chuo, Mkomani:
Pole mama. Lakini siku hizi kila mtundu ana ugonjwa. Huyohuyo mpe simu, atatulia saa nzima. Basi kujizuia anaweza, anachagua tu pa kujizuia.

Muuguzi mstaafu, Shela:
Maalim, simu inampa kipya kila sekunde, hapo hana cha kujizuia. Kazi iko kwenye kuukatisha mwendo ulioanza. Wataalamu wana kipimo chake: mtoto anabonyeza kitufe kila mshale unapotokea, ila mara mojamoja kinalia king'ora kidogo, na akikisikia asibonyeze. Simile hiyo! Watoto wenye tatizo la umakini, hii ADHD, kwa wastani huchukua muda mrefu zaidi kuuzuia mkono. Wakipigwa picha za ubongo wakiwa kwenye kazi hiyo, sehemu ya mbele upande wa kulia mara nyingi haichangamki kama ya wenzao. Na mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha gamba la ubongo wao, lile tabaka la nje, hufikia kilele cha unene kwenye miaka 10.5 hivi, wenzao 7.5. Utaratibu wa kukua ni uleule, ila umechelewa.

Maalim:
Kwa wastani, mara nyingi, hivi! Huyu mama ana mtoto mmoja, hana wastani.

Muuguzi:
Hapo umenibana. Kweli, picha ya ubongo haitoshi kumtambua mtoto mmoja. Wasio na tatizo nao huchelewa kujizuia, na wenye tatizo wengine hufaulu vizuri. Hutambuliwa kwa mwenendo wake wa nyumbani na shuleni, wa miezi sita au zaidi. Ila bakora inafika mguu ukishaenda. Tena shuleni imekatazwa na sheria ya Kenya ya elimu ya msingi ya 2013.

Baba, Mkomani:
Wangu yuko kwenye methilfenidati, dawa ya hii ADHD. Yasaidia, ila chakula cha mchana hakigusi. Kumfuata daktari Mombasa ni boti mpaka Mokowe, kisha basi kutwa nzima, na nauli mwaijua. Kilichonishangaza ni mwalimu wake: alimkalisha mbele, akawa anampa hesabu mbili mbili badala ya ukurasa mzima. Hicho hakikutaka nauli.

Maalim:
Mbele nitamkalisha, mama, mlete. Lakini nina watoto arubaini na mimi ni mmoja. Nikiwa namhesabia huyu mbili mbili, wale wengine nimwachie nani?