Kura za tuzo zetu za programu Kigoma: apige kila mwenye simu, au walio kwenye daftari tu?

MLETA MADA, MWANGA

Wakuu, heshima kwenu. Kikundi chetu cha watengeneza programu hapa Kigoma kinajiandaa kutoa tuzo tena, na kamati inataka maoni kuhusu kura. Mapendekezo ni mawili: ibaki wazi kwa yeyote mwenye intaneti kama mwaka jana, au wapige waliojiandikisha tu. Mimi niko na la pili.

Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa walioangalia seva, yaani kompyuta inayopokea kura. Usiku wa mwisho, majira ya saa nane, nikaona kura za programu moja zinaingia kama mapigo ya saa ya ukutani: moja, sekunde nne, nyingine, sekunde nne, nyingine. Binadamu hapigi kura hivyo. Binadamu anasita, anabonyeza pasipostahili, anarudi nyuma, bando linamwishia. Asubuhi tukagawanyika: hawa wanasema zifutwe, wale wanauliza kwa kanuni ipi. Kanuni hatukuwa nayo. Tuzo ikatolewa, na mpaka leo mshindi anatazamwa kwa jicho la pembeni, wakati huenda ni shabiki tu aliyefanya vile bila yeye kujua. Hilo linaniuma sana, maana kazi yake ilikuwa nzuri.

Haya yalishawakuta wengine. Oktoba 1999 tovuti ya Slashdot ya Marekani iliuliza ni chuo gani bora kwa masomo ya juu ya kompyuta. Wanafunzi wa Carnegie Mellon wakaandika programu ya kukipigia kura chuo chao maelfu kwa maelfu. Wa MIT nao wakaandika ya kwao. MIT ikamaliza na kura 21,156, Carnegie Mellon 21,032, na vyuo vingine vyote vikabaki kila kimoja chini ya 1,000. Wapiga kura wa kweli walipenda chuo gani? Hakuna aliyeweza kusema tena.

Najua kuna watakaosema kila anwani ya IP, ile namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, ipewe kura moja. Jamani, hapa kwetu hiyo ni dhuluma. Wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa simu, na kampuni za simu hupitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa kuwa anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na hazitoshi. Msichana wa Kasulu akishapiga, mvuvi wa Kibirizi anaambiwa ameshapiga. Mwenye boti, yaani programu inayopiga kura yenyewe, anakodi anwani nyingine na kuendelea.

Kwa hiyo: daftari lifungwe kabla kura hazijaanza, kila aliyemo apewe namba ya siri ya kura moja, hesabu isionekane mpaka mwisho. Kisha kura zote zitoke hadharani bila majina, kila mtu aitafute yake. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, huchagua kiongozi wake kwa namna hiyo: wanachama wanapiga kura kwa barua pepe iliyotiwa saini ya kidijitali, na baadaye kila mmoja anaweza kuhakikisha ya kwake imehesabiwa.

MCHANGIAJI, UJIJI

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na sikubaliani nawe. Mama yangu mdogo anauza dagaa Kibirizi. Madeni ya wateja wake anayaandika kwenye programu iliyoingia fainali mwaka jana. Anajua kitu ambacho ninyi hamkijui: simu ikizima chaji katikati ya mauzo, ikiwaka madeni yapo au hayapo. Daftari lenu litamwandika kwa kigezo gani? Hana akaunti ya GitHub, ule mtandao wa watengeneza programu. Barua pepe alifunguliwa na kijana wa duka la simu, nywila hakuambiwa. Mkimwacha nje huyo, mtakuwa mnapongezana wenyewe kwa wenyewe.

MCHANGIAJI, KASULU

Tumieni namba ya simu, mbona rahisi. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Meseji ya kuthibitisha hata kitochi kinapokea.

MLETA MADA, MWANGA

Dada wa Ujiji, hapo umenishika. Nakubali kuwe na tuzo mbili, ya mafundi na ya watumiaji, kila moja na daftari lake.

Ndugu wa Kasulu, namba ya simu inasaidia, ila mtu mmoja ana laini za mitandao mitatu. Sawa, kura tatu si elfu tatu, hilo naweza kuvumilia. Kinachonitisha ni kuhifadhi namba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na kamati yetu mwaka jana iliweka majina kwenye faili lililozunguka kwa WhatsApp. Tukikusanya namba, lazima ijulikane nani anazishika na zinafutwa siku gani.

MCHANGIAJI, KIBONDO

Mnazungumzia boti tu. Mimi nilishindwa na mwenye ukoo mkubwa na makundi kumi ya WhatsApp. Kila kura ilikuwa ya mtu halali, lakini niliowauliza hawajawahi hata kuifungua hiyo programu. Daftari litanisaidiaje hapo?

MCHANGIAJI, UJIJI

Pole sana. Kuomba kura si wizi. Lakini kwa nini kura ya mtumiaji isipigiwe ndani ya programu yenyewe? Aliyeitumia mwezi mzima anaona kitufe, asiyeifungua hakioni. Mama yangu mdogo hatahitaji barua pepe wala fomu.

MLETA MADA, MWANGA

Hilo sikuwa nimelifikiria, na nimelala nalo. Tatizo ni kwamba mwenye programu ndiye atakayekuwa anagawa vitufe, na anaweza kutengeneza watumiaji hewa usiku mmoja. Labda kitufe kilete tu ombi kwenye seva ya kamati, na namba ya simu ithibitishwe huko. Aliyewahi kujenga kitu cha namna hii aseme kilimchukua muda gani. Kamati inakaa Jumamosi.